Mifuko ya Simu ya Kuzuia Maji: Achana na Mita, Angalia Kuelea

Karibuni wadau. Tuko Kirumba, Mwaloni, hapa Mwanza, na mezani kuna mifuko mitatu ya simu ya kuzuia maji: huu wa zipu, huu wenye kifungio cha plastiki cha kuzungusha, na huu wenye kingo nene zilizojazwa hewa. Mingi inayouzwa mitaani imeandikwa mita 20, mita 30, kwa herufi kubwa. Achana nazo. Ziwa Victoria kina chake ni wastani wa mita 40 hivi. Simu ikikuponyoka ukiwa njiani kwenda Ukerewe na mfuko ukazama, hata kama haujapitisha tone, ndiyo basi tena. Ulizia kwanza kuelea, kisha kifungio. Mita zije mwisho.

Kwenye kuelea ndipo watu wanapigwa. Chukua simu ya kawaida ya gramu 200, urefu sentimita 16, upana 7.5, unene 0.85. Ikiingia majini inasukuma maji kama mililita 100. Kwa hiyo gramu 100 zinazobaki zinaivuta chini, na cha kuzibeba ni hewa tu. Unahitaji mililita 100 za hewa, uongeze na za uzito wa mfuko, kava na kamba. Mimi nasema acha 150, robo tatu ya kikombe cha chai cha mililita 200. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Shika kuta mbili za mfuko, zivute ziachane hewa iingie yenyewe, halafu funga.

Sasa tatizo: hewa ikijaa mbele, plastiki inainuka juu ya kioo na simu haisikii kidole. Hapo ndipo mfuko wa kingo za hewa unapoiacha mingine mbali. Hewa yake iko pembeni, kwenye vyumba vyake, na plastiki ya mbele inalala juu ya kioo. Angalia nikibonyeza hapa, inaitikia vizuri. Kwa mama anayepokea malipo ya samaki kwa simu huku mikono ina magamba na maji, tofauti hiyo ataiona siku ya kwanza. Ila kila wiki minya kingo zake. Zikilegea, hewa inavuja, na mfuko huo hauelei tena.

Jambo moja kuhusu kina. Ukishuka kama mita 10 tu, mgandamizo wa maji unapunguza hewa ya ndani kufikia karibu nusu, na ukizidi kushuka inazidi kupungua. Mfuko ulioelea kwa shida pale juu, ukivutwa chini na wavu au nanga haurudi. Ndiyo maana sitaki uweke hewa ya kubania.

Kifungio. Nasogeza kamera. Huu mdomo una midomo miwili ya plastiki laini inayobanwa na kipande kigumu, na vitufe viwili vya kuzungusha. Ona hapa pembeni: chembe moja ya mchanga. Hiyo peke yake inaacha upenyo, na maji yanapita taratibu bila wewe kujua. Kabla ya kufunga pitisha kitambaa kikavu pande zote mbili, zungusha vitufe mpaka viishie, kisha minya mfuko karibu na sikio. Ukisikia hewa inapumua, fungua uanze upya. Wa zipu una shida kwenye kona, pale zipu inapoishia. Huo nauacha kwa boda na mvua, majini hapana.

Usiweke simu kabla ya kupima. Weka tishu kavu na jiwe safi lisilo na ncha, funga, zamisha kwenye ndoo ya maji nusu saa. Toa, futa nje, fungua. Tishu iwe kavu kabisa. Rudia kila mara kabla ya safari, maana plastiki ya PVC inakauka kwa jua na kupasuka kwenye mikunjo. TPU, aina nyingine ya plastiki laini, inavumilia mikunjo zaidi, na ukiikunja hairudi na mstari mweupe.

Kuna mtu atasema simu yake ni IP68, yaani ina kipimo cha kiwandani cha kuzuia vumbi na maji, haihitaji mfuko. Kipimo hicho hufanywa kwenye maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Ikishafunguliwa na fundi kubadilishwa kioo, gundi ile ya kiwandani haipo tena. Na hata ikiwa mpya, haielei.

Ndani ya maji kioo hakitafanya kazi, kwa sababu maji nayo yanapitisha umeme na simu inayasoma kama vidole vingi. Fungua kamera ukiwa juu, piga kwa kitufe cha sauti, zima flashi maana mwanga wake unarudi kwenye plastiki. Kitambuzi cha alama ya kidole kisahau, tumia namba ya siri. Ukungu ukitokea ndani, angalia umbo lake: vitone vidogo vilivyosambaa sawasawa ni unyevu wa hewa uliopoa, tone zito kwenye kona ya chini ni uvujaji. Ukungu unapungua ukiweka kale kafuko ka chembechembe kanakokuja na viatu vipya.

Juani mfuko unafungia joto. Usiache simu juu ya ubao wa mtumbwi data na ramani vikiwa vimewashwa. Kamba nayo, isikae shingoni ukiwa karibu na injini au nyavu. Ifunge kwenye jaketi okozi.

Ukifika mwaloni, futa nje kwanza, hasa karibu na kifungio, kisha ushike mfuko mdomo ukiangalia chini, mkono mwingine ukiishika simu, ndipo ufungue. Matone yaliyobaki kwenye midomo yataanguka nje, hayatakwenda kwenye tundu la chaji. Chaji usiichomeke mpaka mikono yako ikauke.