Uzoefu wangu: nimetoka kwenye baiskeli ya resi, sa hivi napanda Trek Domane AL 2 hapa Arusha

Kabla hujaulizia bei ya baiskeli yoyote ile, jiulize kwanza kwa wiki unaendesha wapi na unakaa juu ya siti masaa mangapi. Mimi hilo nilikuja kulijua baada ya hela kutoka.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua baiskeli ya mashindano kabisa, mtumba, fremu ya kaboni, tairi nyembamba za upana wa milimita 23, nyepesi mpaka unainyanyua kwa vidole viwili. Kampuni siitaji kwasababu baiskeli yenyewe haikua na ubovu wowote, ila ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeshindana, na mimi siku za kazi naendea kibaruani, jumamosi natoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka Kikatiti na kurudi, na kama mara moja kwa mwezi naunga mpaka Moshi ambayo ni kama kilomita 80 kwenda tu.

Kwanza mikono. Kwenye baiskeli ya resi usukani uko chini na uko mbali, unalala kabisa, uzito wote unahamia kwenye viganja, alafu hizi barabara zetu unazijua, tuta, rasta, tuta, rasta, na tairi nyembamba yenye presha ya PSI 110 inakuletea kila kitu mpaka begani. Kidole cha mwisho na cha pete vinakufa ganzi. Kuna siku nimefika nyumbani nimeoga nataka kuvaa shati nikashindwa kufunga vifungo, ikabidi wife anifungie, na ganzi ile ikakaa mpaka jumatatu. Hapo niliogopa kweli.

Pili vilima. Kwenda Moshi ni raha kwasababu Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko chini ya 1,000, kwahiyo mziki uko kwenye kurudi. Ile ya kwanza mbele ilikua na meno 53 na 39, nyuma gia nyepesi kabisa ni meno 25, yaani ukizungusha pedeli mara moja tairi inazunguka mara moja na nusu, sasa ukishavuka daraja la Kikafu unaitafuta Boma Ng'ombe na jua la saa sita linawaka, unasimama kwenye pedeli, goti linauma, na gia nyingine hamna. Hii Domane ya sa hivi, ambayo ni baiskeli ya barabarani iliyotengenezwa kwa safari ndefu, mbele ni meno 50 na 34, nyuma inafika 32, pedeli mara moja tairi karibu mara moja. Napanda nimekaa, napumua vizuri, na magoti toka nibadilishe hayajanisumbua tena.

Hii Domane niliipata kwa mgeni mmoja aliyekua anarudi kwao, shilingi 1,600,000 baada ya kuvutana sana. Fremu ni ya alumini, breki za diski za waya, gia Shimano Claris, nane za nyuma. Watu wanaidharau Claris kwasababu ni gia za daraja la chini za Shimano, ila cheni ya gia nane ni bei nafuu na fundi wa kawaida anaielewa, ukiwa huku kwetu hilo ni jambo kubwa mno. Usukani wake umekaa juu na karibu zaidi, tofauti ni sentimita chache tu lakini mgongo unaziona zote. Nimeweka tairi za milimita 32 na presha PSI 60, rasta nazisikia kwa mbali. Sehemu za kufunga madigadi zipo, masika unaenda kazini bila mstari wa tope mgongoni.

Mapungufu yake, ni nzito, kilo kumi na kitu, na ukiwa na kundi linalokimbiza kweli pale Sakina mpaka Tengeru utaachwa kila mtu akianza kuchochea. Kama wewe starehe yako ni ile ya kukimbizana saa moja na nusu unarudi nyumbani, chukua ya resi na usiyumbishwe na mtu. Siti iliyokuja nayo pia sikuielewa, nikabadilisha wiki ya pili.

Alafu chochote utakachonunua, angalia valvu. Hizi baiskeli nyingi zina valvu nyembamba ya Presta na pampu za mafundi wetu hazishiki, nimewahi kukwama Usa River na mwiba wa mgunga kwenye tairi, fundi yupo, pampu ipo, upepo hauingii. Kuna kikofia kidogo cha shaba unakifunga juu yake pampu yoyote inashika, mimi sa hivi ninavyo viwili, kimoja mfukoni kimoja chini ya siti.

Ile ya kwanza nilimuuzia dogo mmoja wa hapa mtaani ambaye anafanya mazoezi ya mashindano. Ana miaka 19, analala juu ya ule usukani kama amezaliwa nao, na tangu aichukue sijamsikia akilalamika mkono wala goti.