Nyumba ya wageni ya tembe, Kolo: omba chumba cha udongo

Kazi yangu ni kuezeka. Bati nyingi za Nzuguni na Nala, jijini Dodoma, zimepita mikononi mwangu, kwa hiyo nikiambiwa kuna nyumba ya wageni yenye paa la udongo, jicho linaenda juu kabla sijauliza kitanda kikoje.

Iko Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, lami mwanzo mwisho. Ofisi ya Mambo ya Kale haiko mbali, na hapo lazima upite ulipe kiingilio na upewe mwongoza wageni ndipo uende kwenye michoro ya miambani.

Chumba chetu kilikuwa tembe hasa. Nguzo zenye panda zimebeba boriti, juu yake fito zimebanana, kisha nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Nilichokoza kidogo kwenye pembe nikakuta mwenyeji ameficha nailoni nzito chini ya udongo. Wazee wangemcheka, mimi nampa alama zote, maana tembe huuawa na maji. Kuta zimekandikwa vizuri, ufa sikuona. Saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, mke wangu kajitanda khanga ndani. Usiku baridi ya vilimani iliposhuka, ukuta ukaturudishia joto la mchana.

Sasa nyuma wameongeza vyumba vya bati, geji 32, yaani bati jembamba, dari hamna. Niliingia kimoja mchana nikatoka mbio. Bei ni ileile, 40,000 na chai ya asubuhi, na wao ndivyo wanavyovisifia kuwa vya kisasa. Mimi ninayekula kwa bati nasema hapana.

Bafu ni la pamoja, maji ya ndoo. Taa za sola zilizima kabla ya saa nne na simu yangu haijafika nusu. Hilo mapokezi walipaswa kutuambia. Chakula sina neno: ugali wa uwele, mlenda wa karanga, kuku wa kienyeji. Ila kuku umwagize kabla ya kupanda mlima. Sisi tulisubiri mpaka tuliporudi, mama wa jikoni akatujibu kwa upole, "Baba, kuku ndiyo kwanza anakamatwa."

Mlimani kwenyewe ni Mungomi wa Kolo. Kufika chini yake kunataka gari la juu, halafu unapanda kwa miguu. Utaona watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya duara, na wanyama, vyote kwa rangi nyekundu. Ile nyeupe ilipakwa baadaye, kwingine juu ya nyekundu. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja kuinakili michoro hii mwaka 1951, na UNESCO wakaiweka kwenye Urithi wa Dunia 2006. Mimi nilitazama upenu. Jiwe linapojitokeza mbele vya kutosha, rangi ipo. Maji yanapochuruzika usoni mwa mwamba, mchoro umeondoka. Warangi bado wanafanya matambiko pale, kwa hiyo ukikuta kitu kimewekwa, kipite tu.

Ukipiga simu kuweka nafasi, taja kabisa kwamba unataka cha udongo. Usiposema watakupa cha bati, wakiamini wamekuheshimu.