Shokapu na Springi za Gari la Porini Unaloendesha Kila Siku: Ununue Nini Kwanza

Kabla hujanunua kitu, ingia uvunguni mwa gari na tochi. Angalia kila shokapu. Unyevu mwembamba wa oili karibu na sili si tatizo, lakini ikiwa imelowa hadi chini na vumbi limegandamana juu yake kama tope, shokapu hiyo imekwisha. Halafu mulika bushi, yaani mipira yenye kibomba cha chuma ndani, iliyo kwenye maungio ya springi na shokapu. Mpira wenye nyufa za juujuu bado unafanya kazi. Ukiona umechanika hadi kibomba cha chuma cha ndani kimehamia upande mmoja, huo haufai tena. Magari mengi yanayosemwa yamechoka springi yanaumwa bushi, na hakuna springi mpya itakayoyatibu.

Gari la porini linaloenda kazini kila siku lina maisha mawili. Siku nyingi liko kwenye lami, matuta na foleni, mara nyingi na mtu mmoja ndani. Siku mojamoja ndipo linapanda mawe au kupita barabara ya vumbi yenye mawimbi. Vifaa vingi vinauzwa kwa ajili ya siku hizo chache, na vinazitesa zile nyingine zote. Kwa hiyo katika mpangilio huu nimetanguliza kinachotuliza gari, kinachoinua kikafuata.

Nafasi ya kwanza: shokapu nzuri za mirija miwili (mrija ndani ya mrija) na bushi mpya za mpira

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiki na uache urefu wa gari kama ulivyotoka kiwandani.

Shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka kwa kupitisha oili kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko wote unageuka joto. Barabara ya mawimbi huichemsha oili hiyo. Ikichanganyika na gesi inakuwa povu, na povu halizuii kitu: usukani unaanza kuelea, mkia wa gari unatembea pembeni. Ndiyo maana nashauri shokapu yenye mwili mnene, inayobeba oili nyingi, na yenye naitrojeni ya presha ndogo, kama Old Man Emu Nitrocharger. Ama chukua zile zenye sponji maalumu mahali pa gesi, kama wanavyotengeneza Tough Dog na Ironman. Kama hutoki lami mara nyingi, KYB za kawaida zinatosha kabisa.

Bushi nazo ziwe za mpira. Za poliyurethani hudumu, lakini hupeleka kila mtetemo ndani ya gari na huanza kulia grisi ikikauka.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu seti nzima ya bushi zangu mpya iliharibika ndani ya miezi michache kwa kosa hili. Fundi alikaza boliti zote gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye kibomba chake cha ndani, haizunguki, inajipinda tu. Ukiikaza magurudumu yakiwa yamening'inia, siku unaposhusha gari mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa, hadi unachanika. Boliti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Simama hapohapo gerejini uone kwa macho yako.

Nafasi ya pili: seti kamili ya springi na shokapu, kuinua milimita 40 hadi 50

Hii inastahili kama springi zako zimelala kweli, au gari limeongezewa bampa ya chuma, winchi, keria au tangi la pili. Kuchagua urefu ni rahisi. Kazi iko kwenye uzito. Jaza mafuta, pakia unachobeba kila siku, nenda kwenye mizani ya magari upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake. Muuzaji mzuri atakuuliza namba hizo. Asiyeuliza, mwache.

Na ujibu ukweli wa kila siku, usitaje mzigo wa safari ya mwisho wa mwaka. Springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu hairuhusu gurudumu kufuata barabara. Kwenye kona yenye mashimo nyuma inadunda na kupoteza mshiko, na abiria wa nyuma wanaumia migongo. Wala usikadirie kwa jicho: waya wa koili (springi ya kuzunguka) ukinenepa kwa asilimia 10 tu, vipimo vingine vikibaki vilevile, springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 46. Kwa springi za majani (bamba za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine), ukipata zile zenye majani machache mapana yasiyosuguana urefu wote, chukua hizo. Ni laini zaidi kwa gari tupu.

Kuzidi milimita 50 ni kujitafutia kazi. Gari lenye ekseli nzima na koili mbele, kama Land Cruiser ya mfululizo wa 80 au Jimny, likiinuliwa ekseli huzunguka kidogo na kupoteza kasta (mlalo wa mhimili wa usukani unaolinyoosha gari), kisha linatangatanga barabarani hadi uweke bushi za kurekebisha. Lile ambalo magurudumu ya mbele yanajitegemea, kama Hilux na Prado za miaka ya karibuni, shafti zake za mbele hukaa kwa pembe kali na mipira inayozifunika hupasuka mapema.

Kuna jambo wengi hawaambiwi. Baadhi ya magari yana vali ya breki iliyofungwa kwa fimbo hadi ekseli ya nyuma, inayopima mzigo kwa umbali kati ya chesi na ekseli. Ukiinua gari, vali inaona kama gari ni tupu na kupunguza presha ya breki za nyuma, hata ukiwa umepakia familia nzima. Fimbo hiyo irekebishwe siku hiyohiyo. Alaimenti na taa za mbele pia.

Nafasi ya tatu: shokapu za mrija mmoja

Bilstein ndio waliozifikisha kwenye magari ya kiwandani, kwa Mercedes-Benz, mwaka 1957. Oili yake inagusana na ukuta wa nje, hivyo hupoa haraka, na gesi imetengwa kwa pistoni yake. Anayekimbia barabara za vumbi kila wiki azipandishe nafasi ya kwanza. Kwa wengine ni ngumu kidogo kwenye matuta, na jiwe likibonyeza mwili wake, pistoni inakwama.

Nafasi ya nne: puto za hewa ndani ya koili za nyuma

Zinamfaa anayevuta trela mara mojamoja: unajaza ukipakia, unapunguza ukishusha. Kwenye springi za majani sizipendekezi. Mzigo uliokuwa unagawanywa kwenye ncha mbili za springi unahamia sehemu moja ya chesi, na kuna pikapu za milango minne zilizopinda chesi kwa namna hiyo.

Shokapu zenye tangi la nje ni za mashindano, na zinataka kufunguliwa na kubadilishwa sili. Ziache.

Spesa za kuinua juu ya springi zilizochoka usinunue kabisa. Haziipi springi nguvu yoyote. Shokapu ya zamani inafika mwisho wa urefu wake mapema, nayo inagonga kila gurudumu linapoingia shimoni.

Siku ya kufunga, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa fenda, uandike. Baada ya kilomita 500 kaza tena yuboliti, boliti zenye umbo la U zinazofunga springi za majani kwenye ekseli. Baada ya 1,000 pima upya: springi mpya hushuka kidogo, lakini upande mmoja ukishuka kuliko mwenzake, rudi dukani ungali na risiti.