Uzoefu wangu: seti ya elektroniki ya volti 12 kwenye Vespa P150X ya zamani

Assalaam alaykum wakubwa. Nimeitia seti ya elektroniki ya volti 12, yaani ya kutoa cheche ya plagi na umeme wa taa, kwenye Vespa P150X ya ami yangu, ile iliyokuwa ya platini (vile vidude vya kugusana na kuachana ili cheche itoke), na nshaiendesha masika yote mpaka kiangazi, kwa hiyo nnayosema hapa nimeyaona kwa macho yangu. Kwa ufupi hizi ni pesa zilizofanya kazi kuliko zote tulizotia kwenye chombo hiki, lakini ukiifunga kabla hujabadilisha oilsili (mipira inayoziba krenki, yaani mhimili wa injini) umezitupa baharini, na hilo ndo nataka nilieleze kwa urefu maana mafundi wengi hapa mjini wanaliruka.

Kwa wasioijua, mtindo huu wa PX Piaggio waliutoa 1977, injini tustroki ya kuchanganya mafuta, hii ya 150 pistoni yake 57.8 mm, gia nne za mkononi. Na hapa kwetu Unguja Vespa haijafa, sababu iko wazi, mtu kavaa kanzu yake nyeupe anakwenda Ijumaa Malindi, miguu iko nyuma ya ngao, injini imefunikwa ubavuni, anafika msikitini kanzu haina tone la oili. Pikipiki gani nyengine inakupa hayo?

Hii ya ami ilikuwa imelala kwenye banda la pwani Mkokotoni. Rangi na bodi siyasemi sana, kulikuwa na kutu chini ya mkeka wa miguu tukakata tukachomelea bati jipya, praima, rangi, basi. Kazi ilikuwa kuitoa injini. Injini ya Vespa inashikwa na bolti moja ndefu mbele na bolti ya shokapu nyuma, ukizitoa hizo mtu mmoja anaibeba, ila bolti ya mbele chumvi ilishaila ikashikana na bushi ya ndani. Tukamwaga dizeli, tukaacha ilale, tukagonga, tukapasha moto, haikutikisika. Mwisho tukapitisha msumeno wa chuma baina ya injini na bodi upande huu na upande ule, mwanzo unatoka unga mwekundu wa kutu mtupu, unakata weee, halafu unga unageuka wa kung'aa ndo unajua sasa umeufikia mwili wa bolti. Ukikaa karibu na bahari nunua bolti mpya na bushi zake kabla hujaanza kufungua chochote, na ile mpya ipake grisi kote kabla ya kuirudisha.

Sasa oilsili. Kwenye tustroki mchanganyiko wa petroli na hewa unapita kwanza chini kwenye nyumba ya krenki ndo unapanda juu, kwa hiyo nyumba ile lazima izibe kabisa. Sili ya upande wa flaiwili (lile gurudumu zito kwenye ncha ya krenki) ikichoka injini inavuta hewa ya pembeni, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, unaachia moto (akseleta) injini inakataa kushuka inaendelea kulia, inachemka, na mwisho wake ni pistoni kutoboka. Ikichoka ya upande wa klachi inanyonya oili ya gia, unaona moshi mzito hauishi na oili ya gia inapungua wakati chini hakuna hata tone. Fundi asiyejua atakwambia kabureta, atakubadilishia jeti mpaka uchoke! Sisi tulitia sili zote mpya, beringi za krenki mpya, gasketi zote. Kuna duka moja, silitaji, walituuzia sili za mpira mgumu hata kidole hakikunji mdomo wake, tukazirudisha tukaagiza za bluu za Corteco zikaja na boti kutoka Dar. Chukueni hizo, mpira wake laini na zinakaa sawa.

Bloku (silinda) ilichongwa, maana ovasaizi za pistoni, yaani zile kubwa kuliko ya asili, zinapanda 0.2 mm kwa 0.2 mm kwa hiyo bloku inachongwa mara kadhaa kabla haijaisha. Fundi akishachonga mwambie apige msasa kingo za matundu ya bloku, zikibaki kali zinakamata ringi. Watu walinishauri nitie bloku kubwa ya cc 177, mimi sikuona haja, Unguja tambarare, joto letu hili, na barabara ndefu yenyewe ni ya kwenda Nungwi tu.

Ndo tuje kwenye seti. Ndani ya boksi kuna sahani ya koili, flaiwili yake, CDI (kidude cha kutuma cheche kwenye plagi) na regyuleta (ya kuzuia umeme wa taa usizidi). Flaiwili ya platini haitumiki tena, usijaribu kuchanganya. Na muhimu, kuna seti za krenki nyembamba na za krenki nene, Vespa za zamani zaidi ya hii zina ncha nyembamba, pima kwanza ndo ulipe. Kwenye P150X yetu ilikaa bila kuchonga kitu. Waya wa kijani, mweupe na mwekundu unakwenda kwenye CDI, wa bluu ni wa taa, mweusi ni wa kufungwa kwenye bodi ya chombo. Kabla ya kufunga nilipima koili kwa mita, baina ya kijani na mweupe nikapata karibu omu 500, baina ya mwekundu na mweupe karibu 110, hapo ndo nikajua koili nzima, na hii ifanye dukani mbele ya muuzaji kwa sababu kopi zimejaa. Taimu, yaani wakati wa cheche kutoka, nimeiweka digrii 18 kabla pistoni haijafika juu kabisa, nimeikagua kwa taa ya taimu.

Balbu zote lazima ubadilishe ziwe za volti 12. Na regyuleta, jamani, bolti yake ifunge kwenye chuma kitupu, kwangua rangi mpaka uone chuma, halafu paka grisi juu yake. Isipopata bodi vizuri ukivuta moto balbu zote zinaungua kwa mpigo mmoja, na kwa chumvi yetu hii bodi ndo kitu cha kwanza kupotea.

Matokeo yake nini? Asubuhi ya mvua ya masika, kila kitu kimeloa, kiki moja mbili inawaka. Zamani ami alikuwa anatembea na kipande cha msasa mfukoni cha kusugulia platini, unyevu ukiingia tu cheche inakuwa dhaifu. Taa sasa namuona ng'ombe kwenye barabara ya Mahonda kabla hajaniona, ingawa kwa vile hakuna betri injini ikiwa inanguruma chini taa nayo inafifia, hilo ni umbile lake. Plagi NGK B7HS, uwazi 0.6, inatoka rangi ya kahawa. Mafuta tunachanganya asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita, tangi la lita 8 ni mililita 160, na iwe oili ya tustroki sio ile ya gari, ile inaacha masizi kwenye egzosti.

Ami mwanzo hakutaka. "Mwanangu, platini ikifa njiani naitengeneza mwenyewe, hicho kidude chako kikifa n'tafanyaje?" Na ana haki kabisa, CDI ikifa haitengenezeki, ndo maana CDI ya akiba imekaa kwenye kisanduku cha ngao pamoja na plagi moja. Hilo ndo doa la seti hii, pamoja na bei, ukijumlisha na usafiri si ya kuchezea. Kama platini yako nzima na huendeshi usiku wala mvuani, pesa hizo anza nazo kwenye sili na beringi. Siku hizi funguo anazo ami, mimi naipata akilala mchana.

Iliyobaki ni ya ndugu yangu yupo Wete, naye ana P150X imekaa bloku imeisha. Anayemjua fundi wa kuchonga bloku Pemba mwenye mkono mzuri aniambie, tusiipakie melini bure.