Fonti za Vichwa vya Habari: Kabla ya Kulipia, Uliza Imechorwa kwa Saizi Gani

Malalamiko yanayonifikia kuhusu fonti za mtindo wa Didot na Bodoni ni yale yale. Mtu kaona sampuli, kaipenda, kalipia, katengeneza mwaliko. Kichwa kimetoka safi, ila maneno madogo ya chini yamejaa mapengo: kimstari cha katikati ya e kimepotea, sasa inasomeka c, n imebaki vijiti viwili visivyoshikana, H imegeuka mbili ya Kirumi. Lawama zote anatupiwa mchapaji, maskini, wala hana kosa.

Idadi ya mitindo, italiki na mapambo sitakugusia, muuzaji atakuimbia mwenyewe. Swali langu ni moja tu: fonti hii imechorwa itumike kwa saizi gani?

Uzuri wa herufi hizi ni ule mguu mnene uliosimama kando ya mstari mwembamba kama uzi. Mchapaji Giambattista Bodoni kule Parma, Italia, na akina Didot, familia ya wachapaji wa Paris, waliifikisha tofauti hiyo ukingoni mwishoni mwa karne ya 18, karatasi ilipokuwa laini zaidi na mitambo ya kuchapa imeboreka. Lakini enzi za herufi za madini ya risasi kila saizi ilichongwa peke yake, na mchongaji aliinenepesha mistari myembamba katika saizi ndogo. Kompyuta ikatuletea mchoro mmoja wa kukuzwa na kupunguzwa utakavyo. Piga hesabu: mstari wenye unene wa sehemu 20 kati ya 1,000 za kimo cha fonti, kwenye herufi za pointi 72 (pointi ndicho kipimo cha saizi ya herufi), una unene wa pointi 1.44. Shusha hadi 12, umebaki 0.24. Wachapaji wengi hawapendi mstari ulio chini ya pointi 0.25. Na hapo ni wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Geuza, weka maandishi meupe kwenye rangi nzito, wino unatambaa na kuula mstari kutoka pande zote mbili.

Fonti ya kwanza kwangu, na upendeleo wangu siufichi, ni HTF Didot ya Jonathan Hoefler. Ilichorwa mwaka 1991 kwa ajili ya jarida la Harper's Bazaar, na ina matoleo ya saizi saba: 6, 11, 16, 24, 42, 64 na 96. Weka kichwa kwa toleo la 96 na maelezo ya picha kwa toleo la 11, kila moja katika saizi yake, na mistari myembamba itaonekana ya unene mmoja ukurasa mzima. Wapo wanaosema ni fonti ya kujidai. Na ijidai, ina haki. Tahadhari: Didot unayoikuta tayari kwenye Mac siyo hii, ni ya kampuni ya Linotype, kazi ya Adrian Frutiger.

Ya pili ni ITC Bodoni ya 1994, yenye matoleo matatu: Six, Twelve na Seventy-Two, yaani ya pointi 6, 12 na 72. Walioichora walikwenda Parma kuchunguza kazi za Bodoni mwenyewe, ndiyo maana kingo zake hazina ule ukavu wa rula. Ukiikuza Six utacheka ilivyo nene. Ichape kwa pointi sita ndipo uongee.

Bauer Bodoni, iliyochorwa na Heinrich Jost mwaka 1926, naipa nafasi ya tatu, na kwenye jalada pekee. Chini ya pointi 30 sitaki kuiona.

Za bure? Bodoni Moda inajirekebisha kulingana na saizi, ichukue. Playfair Display inavumilia zaidi lakini imetumika hadi imechosha.

Ukipata toleo la majaribio, chapa kwa saizi ndogo kabisa utakayoitumia, nyeusi kwa nyeupe na kinyume chake. Andika pia ng'ombe na ng'ambo: fonti nyingi za aina hii huacha pengo baada ya ritifaa (kile kialama '), neno likaonekana mawili.

Sasa wauzaji. Sampuli zao ni herufi moja iliyojaza skrini nzima, R au alama ya &, na saizi iliyokusudiwa hawaitaji popote. Leseni ya kompyuta unalipia, ya tovuti unalipia tena, mara nyingi kwa idadi ya kurasa zinazofunguliwa, ya programu ya simu nayo ina bei yake. Toleo la saizi ndogo, lile ambalo lingekuokoa, wanakuuzia kama bidhaa nyingine kabisa. Na ukishapakua faili, wengi hawarudishi pesa, hata kama e zako zote zimekuwa c.