Kusoma asembli: Compiler Explorer au gcc -S kwenye mashine yako?

Zote mbili ni njia za bure za kuona asembli, yaani maagizo ya kichakataji ambayo kompaila (programu inayotafsiri msimbo) huyatoa kutoka msimbo wako. Compiler Explorer, tovuti aliyoianzisha Matt Godbolt mwaka 2012, inakudai bando tu, kwa kuwa msimbo hukompailiwa kwenye seva zao.

Kwa kujifunza, tovuti inashinda waziwazi. Kila mstari wa C++ hupakwa rangi moja na maagizo yake ya asembli, na unaweza kuweka kompaila za GCC na Clang ubavu kwa ubavu, au kuhamia ARM (aina nyingine ya kichakataji), bila kusakinisha chochote. Jaribu kitanzi kinachojumlisha namba 1 hadi n: Clang kwa -O2 (kiwango cha kuboresha msimbo) hukifuta kabisa na kuweka kuzidisha mahali pake. Inapendeza mno kuliona hilo kwa macho!

Amri ya gcc -O2 -S (-S huagiza GCC itoe asembli) hukupa faili lililojaa mistari ya .cfi inayochosha (maelezo ya ziada, si maagizo ya kichakataji), na kusasisha kompaila ni juu yako. Lakini mtandao ukikatika inafanya kazi, na inaonyesha kile hasa mashine yako inachozalisha, kwa maktaba zako mwenyewe.

Mwanafunzi mwenye simu tu, nenda kwenye tovuti. Ukishika msimbo wa siri wa mwajiri, baki nyumbani na gcc.