Uzoefu wangu na docker init: nimeingiza Django yangu kwenye kontena

Wakuu, hii nimeitumia kwenye kazi ya mteja kabisa kwa hiyo naongea nilichokiona. Mi na mwenzangu tunatengeneza sistimu ya stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, sementi, nondo, mabati, kila kitu kinaingia humo. Mi niko Morogoro yeye yuko Mbeya. Tulianza na `django-admin startproject`, amri inayozalisha mradi mpya wa Django (mfumo wa Python wa kutengenezea app za wavuti), kama watu wengi, kwangu inawaka vizuri, kwake inagoma. Siku mbili tunapigiana simu tu, kumbe mi natumia Python 3.10 yeye kaweka 3.12, na ile distutils, maktaba ya kusakinishia vifurushi iliyokuwa inakuja na Python, ilitolewa kabisa kuanzia 3.12, sasa kuna kifurushi kimoja cha zamani tulikuwa tunakitumia na chenyewe bado kinaiita. Hapo ndo nikasema basi, hii kitu iingie kwenye kontena la Docker, yaani boksi linalobeba app pamoja na Python na vifurushi vyake, wote tuwe na Python moja.

Nikatumia `docker init`, amri inayokuandikia mafaili ya kuingiza mradi kwenye kontena. Inakuja na Docker Desktop, ukiwa na Docker Engine tupu kwenye seva haimo, ila haina shida maana unaiendesha mara moja tu kwenye laptopu halafu mafaili unayabeba na mradi wako. Unaingia kwenye folda unaandika amri, inagundua yenyewe kuwa hii ni Python, inakuuliza toleo gani, poti gani na app inawashwa kwa amri gani. Ukishajibu unakuta Dockerfile (maelekezo ya kujenga imeji, yaani kifurushi ambacho kontena linawashwa kutoka humo), compose.yaml (inayowasha huduma zako zote pamoja), .dockerignore na README.Docker.md. Dakika chache tu.

Kilichonifurahisha kweli ni jinsi hiyo Dockerfile ilivyopangwa, na sisi tunaonunua bando tutaelewana hapa. Kwanza inaanzia kwenye imeji ya python slim, ile kamili ikishafunguka kwenye diski inakaribia GB 1 nzima wakati slim haifiki MB 200. Pili, vifurushi vya requirements.txt vinawekwa kabla kodi yako haijanakiliwa, kwa hiyo ukibadilisha mstari mmoja kwenye views.py ukajenga upya hakipakuliwi kitu, inarudia hatua za mwisho tu. Na hata ukiongeza kifurushi kipya, vile vya zamani pip inavichukua kwenye kashe yake. Mwanzoni nilikuwa naandika Dockerfile kwa mkono, naweka `COPY . .` juu kabisa, kila nikijenga inapakua vyote upya, nimechoma MB nyingi sana hivyo. Pia app haiendeshwi kama root (mtumiaji mwenye ruhusa zote), inatengenezewa mtumiaji wake anaitwa appuser. Mi nisingekumbuka hilo.

Ila sasa sikilizeni, kazi ngumu haiko kwenye Dockerfile, iko kwenye ile app iliyozalishwa na startproject, maana yenyewe bado inajua inaishi kwenye laptopu yako.

Nilipoulizwa amri ya kuwashia nikaandika runserver, ile seva ya majaribio ya Django. Kontena likawaka, logi safi kabisa, nikifungua brauza hamna kitu. Sababu ni kwamba runserver inasikiliza 127.0.0.1, na ndani ya kontena hiyo 127.0.0.1 ni ya kontena lenyewe, sio ya mashine yako. Lazima iwe 0.0.0.0. Nikahamia gunicorn moja kwa moja, seva ya kuwashia app ikiwa kazini kweli, `gunicorn stoo.wsgi --bind=0.0.0.0:8000`, ikakubali, lakini kurasa za admin zikaja hazina hata rangi, CSS zote zimepotea, kwa sababu aliyekuwa anazigawa ni runserver. Hapo dawa ni whitenoise, kifurushi kinachogawa mafaili kama CSS, unaiweka kwenye MIDDLEWARE ndani ya settings.py chini tu ya SecurityMiddleware, unaweka STATIC_ROOT, halafu collectstatic, amri inayokusanya mafaili hayo kwenye STATIC_ROOT, unaiendesha wakati wa kujenga imeji. Na mstari wa `USER appuser` ikabidi niushushe uwe chini ya collectstatic, la sivyo appuser hana ruhusa ya kuandika kwenye folda.

Iliyonikalisha mpaka saa nane usiku ni SQLite, databesi ya faili moja ambayo Django inaanza nayo. Unafungua kurasa vizuri, ukijaribu kuingia tu inakuambia databesi ni ya kusomwa tu. Kumbe mafaili yaliyonakiliwa na COPY ni mali ya root, appuser anayaona ila hawezi kuyaandika. Ningeweza kubadilisha umiliki, lakini data zingekuwa ndani ya kontena na siku ukilifuta zinaondoka nalo, stoo nzima ya mtu! Kwa hiyo nikahamia Postgres, databesi inayoendeshwa kama huduma yake yenyewe, na hapa docker init imenisaidia tena, kwenye compose.yaml kuna sehemu ya Postgres iko tayari imefungwa kwa alama za #, unazitoa tu. Ina volyumu yake, yaani hifadhi inayobaki hata kontena likifutwa, ina kipimo cha pg_isready ili app isiwake kabla databesi haijawa tayari, na pasiwedi inasomwa kwenye faili la db/password.txt badala ya kuandikwa wazi. Hilo faili liweke kwenye .gitignore mapema. Na HOST kwenye settings.py iwe `db`, jina la huduma ya Postgres kwenye compose.yaml, sio localhost. Halafu ile siri ya pasiwedi iongeze na kwenye huduma ya server, ile ya app yenyewe, kwa sababu ilivyo mwanzo inapewa Postgres peke yake.

ALLOWED_HOSTS, orodha ya domeni zinazoruhusiwa ndani ya settings.py, inakuja tupu, ukizima DEBUG (hali ya majaribio) inarudisha kosa la 400 kwa kila mtu, kwa hiyo weka domeni yako.

Baada ya hapo mwenzangu kule Mbeya akavuta kodi kwenye Windows yake, akaandika `docker compose up --build`, ikawaka mara ya kwanza. Akanipigia anacheka. Seva tuliyokodi ina RAM ya GB 1 na inatosha kabisa kwa watu sita wa dukani, mi naipendekeza hii njia kwa yeyote mwenye Django ndogo.

Jambo moja tu nawaomba, msizoee kuandika `docker compose down -v`. Hiyo -v inafuta volyumu, na Postgres yako imo humo. Mi kila jioni duka likifungwa natoa pg_dump, nakala ya databesi, naipeleka nje ya seva.